Mchanga Uliomwagwa Ngazini

Amala,

Nimefunga duka mapema leo, nimejipikia ile chai yako ya chumvi na siagi, na ninakuandikia nikiwa bado na unga kwenye nywele. Kuoga nimeoga, lakini unga wa shayiri ni mkaidi kama mwenyewe aliyenifundisha kuusaga. Tumeshinda, Amala. Ninakuambia mapema usije ukakaa huko uliko roho juu, maana habari zenyewe zinaanza vibaya.

Zinaanza na ile ndoo yako ya mchanga wa kukaangia shayiri.

Unaikumbuka, ya bluu, yenye kifuniko, uliyokuwa ukiiweka kwenye kibaraza cha nyumba ya mwanao Tashi, mlangoni kabisa. Ulipotuacha vuli ile hakuna aliyeigusa. Losar ya kwanza bila wewe, Mwaka Mpya wenu, familia yako haikusherehekea. Mjukuu wako Pema alinieleza kwamba nyumba ikifiwa, Mwaka Mpya hupita kimya, hakuna kukaanga wala kucheza. Nikamwambia hata kwetu Taita nyumba yenye msiba haipigi ngoma. Kwa hiyo ndoo ikakaa pale pale, theluji ikaja, ikayeyuka, ikaja tena, na sote tukijua kwamba mwaka huu itafunguliwa.

Ilifunguliwa kweli. Asubuhi moja mwanao alitoka kwenda kazini kuendesha basi lake, akakanyaga barafu ile isiyoonekana, na ngazi zote akazishuka kwa makalio. Alipoinuka, huku ameshika kiuno, jicho likatua kwenye ndoo. Sasa Amala, sema ukweli, mtu wa Minnesota akiona ndoo ya mchanga mlangoni wakati wa baridi, atafikiri nini? Hata mimi ninayo yangu. Tashi hajawahi kukaanga shayiri maishani mwake, yeye kazi yake ilikuwa kula. Akafungua kifuniko, akamwaga mchanga wote ngazini watu wasiteleze, akaongeza na chumvi ya kuyeyusha barafu ili mambo yakamilike, akaenda zake kazini ameridhika.

Pema ndiye aliyeuona. Aliutambua kwa rangi, maana mchanga wako ulikuwa umekuwa mweusi kwa moto wa miaka. Alinipigia simu dukani mashine ikiwa inanguruma, sikusikia kitu, nikazima. "Auntie," akasema, "Dad ameumwaga mchanga wa Bibi." Halafu akalia. Mtoto huyu hakulia siku tulipokuaga, alisimama mkavu akigawa chai kwa wageni. Alikuja kulia kwa mchanga. Niliacha unga wa watu kwenye mashine nikachukua ufunguo wa gari.

Ngoja nikueleze kwa nini ilikuwa kubwa hivyo, kwa sababu mambo mengine yamebadilika tangu uondoke. Watu wenu wanazidi kununua unga wa pakiti. Mtu anabonyeza simu, kesho kutwa pakiti iko mlangoni, na picha ya mlima juu yake. Siwalaumu, kila mtu ana shift mbili na watoto wa kupeleka mpira. Lakini wazee wenu walikuja kwa Tashi wakamwomba jambo moja: mwaka huu nyumba yako imemaliza msiba, basi unga wa kurusha siku ya tatu ya Losar utoke nyumbani kwako, wa mkono, kama zamani. Pema akajibu ndiyo kabla baba yake hajafungua mdomo. Alikuwa ameapa. Na sasa mchanga umelala ngazini na chumvi.

Nilipofika nilikuta msiba wa pili. Majirani wenu watatu wanne wamesimama kwenye theluji, kofia mkononi, wakitazama zile ngazi kama watu wanaotazama kaburi. Tashi amepiga magoti na kizoleo cha takataka na brashi ya kusafishia gari, anachambua mchanga kutoka kwenye chumvi, chembe kwa chembe. Vidole vimekuwa vyekundu. Akainua uso akaniambia, "Nimemwaga mlima wa mama." Wote waliokuwa pale waliamini kwamba ule mchanga uliubeba mgongoni kutoka kijijini kwenu, ukavuka nao milima, Nepal, India, hadi hapa. Mzee mmoja alikuwa anausimulia hivyo pale pale, kwa sauti ya kanisani.

Mimi nikacheka.

Nilicheka hadi nikashika ukuta, na najua ungekuwepo ungecheka zaidi. Maana mimi na wewe tunajua ule mchanga ulitoka wapi. Nani aliku-drive?

Lakini niende taratibu, nataka kukumbuka kidogo. Siku ya kwanza uliingia dukani kwangu na gunia la shayiri iliyokaangwa mgongoni, na ile aproni yako ya mistari mistari juu ya koti la baridi. Nilidhani umepotea. Wateja wangu ni Wakenya wanaotaka unga wa wimbi na mtama wa uji, wanaokuja kunung'unika kwamba unga wa dukani hauna ladha ya nyumbani. Wewe hukunisalimu hata. Ulienda moja kwa moja kwenye mashine, ukaweka mkono juu ya jiwe, ukafumba macho. Baadaye ndipo nilipojua ulikuwa umezunguka Saint Paul yote ukitafuta mashine ya jiwe, kwa sababu za chuma huchemsha unga. Kiingereza chako kilikuwa kidogo na Kitibeti changu hakikuwepo. Tukatazamana. Kisha ukasema, "Chai?" Nikasema chai ipo. Ukaonyesha duka lote kwa kidole, ukasema "dukan". Nikasema ndiyo, duka. Ukaonyesha nje, "gari". Wee, nikavuta kiti. Kumbe Kihindi ulichokiokota miaka ya ukimbizi India na Kiswahili changu ni majirani wa zamani. Dunia, habari, kitabu, wakati, hesabu. Kwa maneno hayo tulijenga urafiki, na yaliyokosekana tulijaza kwa mikono.

Na ule ugali, utanisamehe? Uliniachia mfuko wa unga kama zawadi, nami nikafanya kile mtu yeyote wa kwetu angefanya. Nikachemsha maji, nikatia unga, nikasonga kwa mwiko. Nikapata gundi ya kahawia iliyokamata sufuria mpaka leo ile sufuria haijapona. Nikakuletea kipande dukani kukushtaki kwamba unga wako mbovu. Ulikitazama, ukakinusa, ukaanza kucheka mpaka ukajishikilia kwenye mashine. Ndipo ukanionyesha: unga huu umeshaiva ndani ya mchanga, hauhitaji moto tena. Bakuli, chai, siagi, vidole, unakanda, unakula. Nikakwambia kwetu unga ambao haujaonana na maji yanayochemka ni kazi iliyoachwa katikati. Lakini tulipotia matonge mdomoni kwa mkono, wewe lako mimi langu, tuliona hatuko mbali.

Basi na mchanga. Siku ile ya kiangazi ulikuja ukiwa na kikaango chako kile kizito, cha mama yako, ukaniambia kwa ishara kwamba kule uwanja wa ndege India mizigo ilizidi uzito, ikabidi uchague: kikaango au mchanga. Ukachagua kikaango, mchanga ukamwachia jirani. Ukasema twende mtoni. Tukashuka kwenye Mississippi, chini ya daraja, vijana wamekaa na redio yao wanatutazama, mimi nimebeba ndoo ya bluu kama mtoto anayekwenda kucheza. Ulichota mchanga ukautia mdomoni. Nikadhani umerukwa na akili. Ukautafuna kwa meno ya mbele, ukatema, ukatikisa kichwa. Mahali pa pili vivyo hivyo. Mahali pa tatu ulitafuna ukatabasamu. Mchanga mzuri haupigi kelele menoni, ndivyo nilivyoelewa, wa duara, usio na tope, hauachi kitu kwenye shayiri. Tukajaza.

Nikakutania. Nikasema, Amala, huu si mchanga wa milimani, huu ni wa Minnesota ambako hakuna hata kichuguu. Ukasimama, ukaonyesha mto kule unakotoka, ukapandisha mkono juu, juu kabisa, kisha ukaushusha taratibu hadi kwenye ndoo. Ukasema mlima unashuka na mto. Mchanga wote wa dunia ulikuwa mlima. Na tulipokuwa tunarudi ukanipiga kofi begani: wakiuliza, sema, wasipouliza, nyamaza. Hawakuuliza, Amala. Miaka yote ile hakuna aliyeuliza.

Sasa, kwa kicheko changu, waliuliza. Nilisimama pale kwenye ngazi nikawaambia yote, daraja, vijana na redio, meno yako. Yule mzee wa sauti ya kanisani akafunga mdomo akavaa kofia. Nikaogopa kidogo, nikajisemea, Mkamburi, leo umewavunjia watu kitu chao. Kisha Tashi, pale pale alipopiga magoti, akaketi kwenye barafu. Mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, Amala, anacheka na kulia, anasema mama, mama, miaka yote nilikuwa nikiondoa viatu karibu na ndoo ile kwa heshima. Na wengine wakafuata, mpaka jirani wa upande wa pili, Mmarekani, akatoka nje kuuliza kama kuna mtu ameumia.

Pema hakucheka. Alifuta pua akaniuliza neno moja: "Wapi?"

Tulikwenda siku hiyo hiyo. Mto wenyewe ulikuwa umeganda, ufuko umezikwa chini ya theluji hadi magotini, na baridi ile inayokuingia puani kama sindano. Nilichukua sururu kutoka kwenye gari, Tashi akachukua koleo, na kiuno chake kikilalamika kila pigo. Tulivunja ukoko wa juu, mgumu kama saruji, tukafika chini yake. Nikamwambia Pema, bibi yako alitia mdomoni. Huyu ni msichana anayefanya kazi maabara ya hospitali, anajua majina ya vijidudu vyote. Alinitazama. Akautazama mchanga. Akasema kitu kwa Kiingereza ambacho sitakiandika kwenye barua ya heshima, kisha akautia mdomoni akatafuna. Akatema. Akasogea hatua chache, akachimba tena, akatafuna tena, na nikaona lile tabasamu lako, lile lile, likitoka kwenye uso wa mtoto wa miaka ishirini na kitu aliyevaa kofia ya timu ya hoki. Ilinibidi nigeuke nitazame daraja.

Kukaanga tulifanya nyuma ya duka langu, penye theluji, kwa jiko la gesi. Si unakumbuka siku ulipokaangia ndani king'ora cha moshi kikalia na wazima moto wakaja na shoka zao, ukawakaribisha chai? Basi tulikaa nje. Mchanga tukauosha, tukaukausha kwenye kikaango cha mama yako. Pema alikuja na kipimajoto, kile cha kuelekeza kama bastola kikakuonyesha namba. Lakini namba ipi, hakuna aliyejua. Mimi kazi yangu ilikuwa kusaga, nilikutazama ukikaanga lakini kutazama si kujua. Kikaango cha kwanza kiliungua kabisa, kikanuka kahawa. Kilichofuata shayiri ilitoka mbichi, imelala tu mchangani kama watu waliochoka. Tashi akasema, kwa upole, si kwa ubaya, kwamba pakiti zingali zinaweza kufika kwa wakati. Na kusema kweli, Amala, mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi na mimi nilianza kuzifikiria hizo pakiti.

Kisha Pema akavua glavu. Akanyoosha kiganja juu ya mchanga, karibu, bila kugusa, na midomo yake ikaanza kwenda. Nikakuona wewe. Ulikuwa ukifanya hivyo kila mara na mimi nikidhani unaota moto. Kumbe ulikuwa unasema ile dua yenu fupi, na mkono ukivumilia hadi mwisho wa dua, mchanga bado. Ukishindwa ukauondoa katikati, mchanga uko tayari. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa mdogo, amekaa kwenye kizingiti cha mlango akichezea simu, na wewe ulidhani hakuoni. Alisema dua mara ya kwanza, mkono ukafika mwisho. Akasubiri. Akaisema tena, na katikati mkono ukaruka wenyewe. Akapiga kelele, "Sasa, Auntie, sasa!" nikamwaga shayiri.

Iliruka, Amala. Ilipasuka ikawa nyeupe, ikacheza ndani ya mchanga wa moto, na ile harufu ikapanda ikajaza uchochoro mzima, harufu ya njugu na mkate, mpaka mwenye duka la matairi akachungulia. Pema alikuwa anatikisa kikaango kwa mikono miwili, viwiko nje, kama wewe. Tashi ameshika chekeche, mchanga unashuka chini, shayiri inabaki juu. Na yule binti hakusahau kuelekeza kile kipimajoto chake mahali mkono uliporuka, akasoma namba, akaihifadhi kwenye simu. Akasema sasa tunazo zote mbili, dua na namba, na asiyeweza moja atatumia nyingine. Nadhani ungemkubalia.

Nilisaga mimi mwenyewe, taratibu, jiwe lisipate moto. Nilianza kwa kulisafisha mara mbili lisiwe na hata chembe ya mahindi.

Sasa nikueleze leo. Leo ndiyo ilikuwa siku ya tatu ya Losar. Tulipanda kile kilima cha bustani ambako watoto huteleza na vibao vyao. Mara ya kwanza nilipokupeleka pale ulikimaliza kwa pumzi mbili, ukageuka ukaniuliza mlima uko wapi, nikasema ndio huu, ukasema huu ni mgongo wa ng'ombe. Nikakufundisha methali yetu, milima haikutani bali binadamu hukutana, ukaipenda, ukawa unaitupia kila mtu. Basi leo mgongo wa ng'ombe ulijaa watu. Aproni za mistari juu ya majaketi ya baridi, bendera za rangi tano zikipigwa na upepo kati ya miti miwili, watoto wenye viatu vya theluji wanazungumza Kiingereza tupu, kama wangu. Moshi ulianza kupanda kutoka kwenye matawi ya ule mti wenu unaofanana na mtarakwa wa kwetu. Pema akapita na bakuli kubwa la mbao, kila mtu akachota unga kwa vidole. Yule mzee wa sauti ya kanisani aliunusa, akafumba macho, akalamba kidogo kabla ya wakati wake. Halafu akachota tena.

Kisha tukanyanyua mikono.

Na tukabaki na mikono juu. Kwa sababu ile sauti ya kuanzisha ilikuwa yako. Miaka yote ni wewe uliyekuwa ukiipiga, ile wanayopiga wasafiri wa kwenu wakifika juu kabisa ya njia ya mlimani wakiwa hai, ya kusema miungu imeshinda. Na unga ni wa nyumba yako, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuanza kabla ya nyumba yako. Watu wakamtazama Tashi. Tashi akafungua mdomo, akaufunga, akainamisha kichwa. Upepo unapiga, mikono inaganda juu, mtoto mmoja akauliza kama imekwisha. Nikawaza, tumefika na mchanga, na moto, na jiwe, halafu itaishia hapa.

Pema akaweka bakuli chini kwenye theluji.

Mtoto uliyemwita kwa lugha yenu miaka yote naye akakujibu kwa Kiingereza. Aliyekuwa akiona haya mbele ya wenzake ukimwita barabarani. Alivuta pumzi, na sauti iliyotoka si ya msichana wa maabara. "Ki ki so so! Lha gyalo!" Ilipasuka juu ya kilima kile mpaka watoto wenye vibao kule chini wakasimama. Na watu wote kwa pamoja wakajibu, wazee, madereva, manesi, na watoto nao, lha gyalo, lha gyalo, na mikono ikarusha, na unga ukapanda mweupe angani juu ya theluji nyeupe. Mimi ni Mlutheri, Amala, unajua, lakini nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Upepo ukaugeuza unga wote ukanirudishia usoni. Tashi akanikumbatia, tukawa weupe wote wawili, na Pema akawa analia na kucheka, na wazee wanapanga foleni kumshika mikono, ile mikono yenye malengelenge ya kikaango.

Nilileta sufuria ya kimanga, ile mihogo na maharage ya kuponda ya kwetu. Kimeisha kabla ya chai. Binti yangu alikuwepo, akaniuliza njiani kurudi kama bibi yake alikuwa akikiponda vivyo hivyo. Nimemwambia aje Jumamosi na aproni.

Pema ananiambia kwamba kwa imani yenu huenda umeshazaliwa mahali pengine. Mimi mambo hayo namwachia Mungu. Lakini kama ni kweli, na kama bahati imekupeleka kwetu Wundanyi, tafadhali ukipewa ugali usicheke, kula tu. Tutaonana, maana milima haikutani.

Nakuahidi hivi, rafiki yangu. Muda wote nitakaokuwa na mashine hii, jiwe litasafishwa na gunia la kwanza la baridi litakuwa la nyumba yako, na nitasaga polepole. Atakayeuliza mchanga unatoka wapi nitampeleka mimi mwenyewe na atatafuna.

Kwaheri, Amala. Pumzika. Ndoo ya bluu imerudi kibarazani, imejaa, na leo jioni Pema ameiandika jina lako kwa herufi zenu, kubwa, za rangi nyekundu, na chini yake kwa Kiingereza ili baba yake asije akakosea tena. Mlima wako uko mlangoni.

Wako,
Mkamburi wa mashine